Askari Aliyelinda Seva ya Dobi

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema kabisa! Ingawa ilianza vibaya. Seva ilizima asubuhi mapema, na hakuna aliyejua mpaka wateja walipofurika mapokezini. Hapa kwenye duka letu la dobi kila nguo inashonewa kitambaa chenye namba, na seva peke yake ndiyo inayojua namba ipi ni ya nani. Ikizima, tunabaki na mlima wa nguo safi zisizo na wenyewe. Wakili mmoja alikabidhiwa sketi za timu ya netiboli. Alizikunjua zote kwanza, ndipo akakasirika.

Bosi alituita, mimi na Shemeji. Mama yule akifoka hata mashine za kufulia zinanyamaza. Akasema hataki tena kuambiwa na mteja kwamba seva yake imezima. Atakayehakikisha tunajua sisi kwanza ndiye atakuwa Mkuu wa Mitambo, na chumba cha ghorofani chenye dirisha ni chake. Dirisha! Mimi meza yangu iko ubavuni mwa mashine za pasi. Shati langu hulowa kabla ya chai.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Kazini nilimwingiza mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Akapendekeza tutafute kampuni ya nje. Nikadakia kwamba ya nini, programu za bure zimejaa, Mama niachie mimi. Bosi akatabasamu. Kwangu, si kwake.

Jioni nilimpigia mama mkwe kumjulia hali. Ikanitoka tu kwamba nimeshakuwa Mkuu wa Mitambo. Akapiga vigelegele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Anakuja Jumamosi kuona ofisi yangu. Karibu sana, mama. Siku bado zipo.

Jumanne, 5 Machi

Programu nimeipakua, nimeisimika kwenye seva, na nimeipa jina: Askari. Kazi yake ni kuchungulia kutwa nzima. Diski imejaa kiasi gani, joto limefika wapi, kila kitu kinapumua au hakipumui. Akiona jambo, anatuma barua pepe.

Barua ya kwanza ya majaribio iligoma kwa sababu nilikosea anwani yangu mwenyewe. Ya pili ikafika. Niliruka! Nikamwonyesha mpiga pasi aliye karibu nami. Akauliza kama inaweza kumwambia pia chai ikiwa tayari. Watu wengine hawana shukrani kwa maendeleo.

Barua ilikuwa kavu mno, maandishi matupu. Nikaipamba. Sasa kila tahadhari inakuja na picha ya skrini nzima, nembo ya dobi juu, rangi kamili. Na nakala ya kila barua inabaki kwenye seva, ili siku ya siku nimwonyeshe Bosi kazi niliyofanya. Nimelala mchana huu kwa furaha, kwenye kiti, kidogo tu.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata akili. Askari akikaa kimya, nani atajua kwamba nafanya kazi? Basi nimeongeza anwani ya Bosi, na nimeshusha viwango. Diski ikijaa robo tu, atoe taarifa. Joto likipanda kidogo tu, atoe taarifa. Bosi anapokea barua, anashtuka, mimi nishakimbia kwenye seva, nabonyeza hapa na pale, nasema tayari Mama.

Mara ya kwanza ilifanya kazi vizuri ajabu. Bosi alinipigia makofi! Shemeji alikuwepo, akaangalia viatu vyake. Raha gani hiyo.

Kumbe mashine za pasi zikiwashwa chumba kizima kinapanda joto. Na zinawashwa kutwa. Askari akaanza kuandika bila kupumua. Bosi wakati huo alikuwa kwa daktari wa meno, kinywa wazi, simu mfukoni. Kila ikilia, yeye anaruka. Alirudi nusu ya mdomo imekufa ganzi, akaja moja kwa moja mezani kwangu kunieleza. Kwa bahati nzuri nusu ya maneno sikuyaelewa. Niliyoyaelewa yananitosha.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya fitina, na ilienda vizuri. Nimeliondoa jina la Bosi kwenye tahadhari, nikaweka la Shemeji peke yake. Viwango nimeviacha vilevile. Azame! Mtu aliyezama kwenye barua hawezi kupanga njama za kuniibia dirisha.

Mpaka saa sita alikuwa anazisoma. Moja moja! Kijana yule ana subira ya kuudhi. Akaja kuniambia kwa upole kwamba, shemeji, tukiacha hizi za joto, diski inajaa kweli, na inajaa haraka, tuangalie ni nini. Nikamwambia nilikuwa naangalia diski yeye akiwa bado anafungwa kamba za viatu. Akasema haya, akarudi mezani kwake.

Nyumbani mke wangu akaniuliza kwa nini ndugu yake amekuja kula hapa huku simu inamlia hivyo. Nikasema kazi ni kazi. Akanitazama kwa lile jicho lake. Nikaomba chumvi.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi. Kimya! Nimejirudisha kwenye orodha ili nione mwenyewe, na hakuna barua hata moja. Shemeji naye hajapata. Hii maana yake ni moja: seva iko shwari kuliko ilivyowahi kuwa. Nimeagiza chai, nimenyoosha miguu. Bosi kapiga simu kutoka nje kuuliza hali. Nikamwambia kwa kujiamini kwamba kungekuwa na tatizo, Askari angeshasema. Akasema vizuri. Nimeanza kufikiria pazia la rangi gani.

Mchana. Sina raha ya kuandika, lakini naandika.

Nilisikia kelele mapokezini, nikadhani ni watu wamefurahi. Shemeji akaja mbio. Seva imezima tangu tulipofungua mlango. Diski imejaa pomoni. Imejaa nini? Barua za Askari. Zile picha zangu za rangi kamili, nakala juu ya nakala. Na Askari mwenyewe, kwa kuwa makao yake ni humo humo ndani ya seva, alizima nayo. Angeniandikiaje?

Wakili alikuwa amerudi. Safari hii alipewa aproni ya mchinja nyama. Hakukunjua.

Shemeji alifuta barua zote, akaiwasha seva, nguo zikapata wenyewe. Bosi aliporudi alimpa chumba papo hapo, mbele ya wapiga pasi. Nikapiga makofi. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote, ili uchungu usionekane.

Jioni mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza: na mama kesho? Nilikuwa nimesahau kabisa.

Jumamosi, 9 Machi

Nilijiandaa kuumwa. Tumbo, au mgongo, nilikuwa bado sijaamua. Mke wangu akanivuta kwenye mlango kama nguo ya kufua.

Mama mkwe alikuja amependeza. Shemeji akatupokea chini, akatupandisha ghorofani, akafungua mlango, akaniambia, "Kiti chako hicho, shemeji." Nikakaa. Alikuwa hata amefuta vumbi. Mama mkwe akatazama nje ya dirisha, akashika kifua, akasema anajua tangu zamani kwamba binti yake hakukosea. Kisha akamgeukia mwanawe, akamsihi ajitahidi, siku moja naye atafika. Shemeji akajibu ndiyo mama, anajifunza kwangu.

Macho yakanilowa. Ni vumbi, ingawa alilifuta. Namwandika hapa kama ilivyo: yule kijana ni mtu. Mke wangu alinifinya mkono, sikuelewa kama kwa upendo au kwa onyo. Dirisha linatazama maegesho ya magari. Zuri mno.

Jumatatu, 11 Machi

Nimerudi kwenye pasi zangu, roho kwatu. Shemeji kanipa kazi ya kumsimika Askari upya. Akanieleza kwa utaratibu, na mchoro akachora, kosa lilikuwa nini. Nilielewa kabla hajamaliza, nikamwambia asijisumbue na mchoro.

Kosa ni kwamba Askari alikuwa mmoja. Mtu akiwa peke yake kazini nani atamwangalia? Basi leo nimesimika wawili. Wa pili anamchungulia wa kwanza, wa kwanza anamchungulia wa pili, na kila mmoja anamwandikia mwenzake kwamba yuko salama. Nimewaweka wote humo humo kwenye seva, wawe karibu. Picha nimeziongeza ukubwa, kwa sababu Shemeji amesafisha diski vizuri na nafasi sasa ni tele. Bosi hajui. Nataka iwe furaha ya ghafla.

Nimewawasha saa mbili. Walianza kuandikiana kwa fujo, kama wachumba. Sasa ni mchana na hakuna barua tena, ya huyu wala ya yule. Kimya kabisa. Wameelewana.