Kidude cha Kuhesabu Ngamia

Jumatatu, 8 Septemba

Leo ni leo! Mzee Galgalo, muuza ngamia anayejulikana kutoka hapa Isiolo mjini mpaka Merti, amekubali nimtengenezee ukurasa wa mtandaoni. Mimi, Marete! Ila Zeinab wa saiba, duka la intaneti, naye atatengeneza wake, na Jumamosi Mzee atachagua mmoja. Sawa tu. Kurasa za Zeinab nazijua. Nyeupe tupu, kama ukuta wa zahanati.

Anti Magdaline, mwenye duka la hardware linalonilisha, amesema amechoka kuniona nimekodolea laptop huku wateja wanajipimia misumari. Nikichaguliwa, nibaki mjini niwe hiyo kitu ninayojiita. Nisipochaguliwa, naenda kusimamia tawi la Oldonyiro. Oldonyiro! Misumari, chumvi ya mifugo, na vumbi mpaka kwenye kope. Nimemwambia asijali.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata programu isiyotaka ujue lugha yoyote ya kompyuta. Unashika kitu, unakiburuta, unakiachilia unapotaka. Hata Anti angeweza. (Hawezi. Nimemjaribu.) Nimeweka maandishi yanayoruka kutoka kushoto na vitufe saba vya rangi saba. Halafu nikakiona. Kidude cha kuhesabu! Mgeni akifungua ukurasa, namba inaanza sifuri, inakimbia juu, trrrr, mpaka inafika. Kampuni zote kubwa za Nairobi ziko nacho.

Nikaenda kumuuliza Mzee ana ngamia wangapi. Akaangalia mbali. Akasema wapo wachache tu, alhamdulillahi, akaniuliza kama Anti ni mzima. Nikauliza tena. Akasema wanatosha maziwa ya chai. Unyenyekevu wa aina hii ndio unaua biashara.

Zeinab alikuwa hapo. Akanivuta kando, akaniambia mwenye mifugo haulizwi idadi, na haitangazwi, ni kuita jicho baya. Wivu huo! Ameshasikia kuhusu kidude.

Jumatano, 10 Septemba

Nilidamkia kisimani ngamia wakinywa maji. Nikajificha nyuma ya tangi, nikawahesabu kwa kidole. Mako, mpwa wa Mzee anayewachunga, akauliza nafanya nini. Nikasema nachagua wa kupiga picha. Akasema kuchagua ni kwa macho, kidole nirudishe mfukoni. Ngamia mmoja akanitemea shati lote. Nikamhesabu hivyo hivyo.

Mia moja themanini na saba!

Kufikia jioni ukurasa ulikuwa hewani. Nimeutuma kwenye vikundi vyote vya WhatsApp, hata cha kwaya.

Alhamisi, 11 Septemba

Ukurasa umefunguliwa mara mia tatu. Bahati mbaya si wanunuzi. Ni jamaa wa Mzee.

Saa nne asubuhi Mzee alikuwa na wageni kumi na mmoja mkekani. Binamu wa Kulamawe, aliyemalizwa na ukame, alikuja kukumbusha mila: mwenye nacho humpa wa ukoo asiye nacho. Mkwe wake Abdifatah alisema ile habari ya wachache tu, aliyoambiwa siku ya kupanga mahari, sasa iangaliwe upya. Mama mmoja wa Korbesa alikuja na kamba kabisa.

Mzee akaniita. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema maisha yake yote hajawahi kutamka hiyo namba, hata kwa mke wake. Akafungua simu anionyeshe, namba ikakimbia tena mpaka juu. Akaifunika kwa kiganja. Akauliza kama inahesabu upya kila mtu akifungua. Nikajibu ndiyo, kwa fahari. Kumbe haikuwa sifa. Tena kuna ngamia ameamka anachechemea, ati ni mimi.

Namba iondoke kabla ya swala ya kesho, ama nisirudi kwake. Aki nimeumia. Yule mzee aliniamini.

Ijumaa, 12 Septemba

Niiondoe? Kidude changu? Nikafikiria. Mzee hataki namba kubwa. Basi nimpe ndogo, na hakuna ndogo kama sifuri. Kidude kina visanduku viwili, pa kuanzia na pa kuishia. Pa kuishia nikaandika sifuri. Ile 187 sikuitupa, kazi ya mtu haitupwi. Nikaihamishia pa kuanzia. Nikaenda kula githeri.

Watu wakatoka msikitini, simu mkononi. Wakafungua. 187. 140. 90. 12. Sifuri! Sekunde mbili hivi. Mzee Galgalo aliona ngamia wake wote wakiisha kwenye kiganja chake mwenyewe. Akaketi chini palepale barabarani. Mako akakimbia mpaka kisimani na viatu vimebaki mlangoni pa msikiti. Akawakuta wazima wote, hata yule wa kuchechemea.

Lakini habari ilikuwa imeshatoka. Mnunuzi wa Nairobi akapiga simu kumpa Mzee pole, na kusema atatafuta kwingine. Wale jamaa nao walitoa rambirambi, wakaaga haraka. Mama wa Korbesa alirudi kwao na kamba yake. Kwa hivyo nimemwondolea Mzee wageni kumi na mmoja kwa siku moja. Hakuna aliyesema asante.

Jumamosi, 13 Septemba

Amemchagua Zeinab. Ukurasa wake una picha ya ngamia mmoja, jina la Mzee, namba ya simu, na maneno haya: Wapo, alhamdulillahi. Piga simu. Basi! Hakuna kinachoruka. Mzee alicheka mara ya kwanza wiki hii, na simu ikalia akiwa bado anacheka.

Zeinab alinipa pole, akasema nikitaka atanifundisha. Nikamwambia niko bize. Nilipofika nyumbani Anti alikuwa ameshafunga godoro langu. Alisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikasema Mzee alitaka namba iondoke, na kila mtu aliiona ikiondoka.

Sikulia. Ilikuwa vumbi.

Jumatano, 17 Septemba

Oldonyiro. Kope zimejaa, kama nilivyosema.

Lakini Mungu si Athumani! Mzee Nangiro, jirani wa duka, anataka ukurasa wa kuuza mbuzi. Nikakaa chini, nikajichunguza kiume. Kosa la Isiolo nimelielewa na nimelikubali: mifugo haihesabiwi. Wa Mzee Nangiro siwagusi, ng'o! Sitauliza hata mmoja.

Kidude nitakiwekea watoto wake. Yuko na wake watatu na boma limejaa, wanunuzi wataona ni mtu wa maana. Nimemuuliza wako wangapi. Akaangalia mbali, akasema wapo. Unyenyekevu tu! Kesho asubuhi wakienda shule nitasimama mlangoni pa duka, niwahesabu mwenyewe kwa kidole.