Dawa ya Pacha

Bi Khairat, aliyepakana ukuta na Bi Kazija, anaapa kwamba yule daktari alishuka pwani ya Kisiwa Panza bila ya kulowa hata kidole. "Kwa macho yangu haya," husema, "maji yalimpisha." Kweli hakulowa. Alibebwa mgongoni na mchukuzi, kwa kuwa viatu vilikuwa vya kuazima.

Jina lake Himid, na udaktari wake ulikuwa bado mbichi. Alikuwa akiuza makava ya simu bandarini Mkoani lilipokuja gari la kipaza sauti kutoa elimu ya uzazi. Watu walikaa chini ya turubai, wakapiga makofi, wakagaiwa fulana za njano. Himid hakuwatazama waliopiga makofi. Aliwatazama waliobaki nyuma, wenye swali wakaona haya kuliuliza. Penye haya, alijisemea, pana soko. Akaomba fulana, akapewa. Akaomba nyengine ya mama yake mgonjwa, ambaye alishakufa zamani, Mungu amrehemu.

Barazani kwa Bi Kazija alipewa kahawa na kashata. Shida ya Bi Kazija ilikuwa moja: mwanawe Haroub yumo mwaka wa tatu wa ndoa, na mtoto hakuna. Ameshamwonea mke wa pili huko Wambaa, maneno yamefika nusu. Mkaza mwanawe, Mwatum, aliyajua yote hayo. Ndiye aliyekuwa akimimina kahawa.

"Dawa ni hii," Himid akatoa chupa ya maji, asali na habbasoda. "Ya kampeni ileile, ila hii hawaitangazi. Mjukuu mmoja, beberu mmoja."

"Miye nataka pacha," alisema Bi Kazija. "Wanaume."

"Pacha ni beberu na jike lake, bi mkubwa."

"Na wakija wa kike?"

"Namrudisha beberu."

Nahodha Talib, kaka wa Bi Kazija na mwenye chombo cha dagaa anachovulia Haroub, alikohoa. "Na isipofanya kazi, yakhe, tukutafute wapi?"

"Mjomba, dhamana ni mwili wangu huu. Nifanyeni mtakavyo."

Mtu husema mengi akiwa anatazama mbuzi.

Sasa Mwatum na mumewe walishakwenda Mkoani siku ileile ya turubai, wakapimwa wote wawili. "Nyote wazima," muuguzi alimwambia Mwatum. "Mumeo analala wapi?"

"Dago, kwenye kambi ya wavuvi. Huja mbaamwezi tu, dagaa wanapoikataa taa."

"Na akija?"

"Tunalala chumba kimoja na mavyaa, mama yake. Katikati pana pazia, na mavyaa ana kikohozi."

Muuguzi aliiweka kalamu chini. Kwa maradhi hayo hakuwa na kidonge.

Basi pale barazani Mwatum akainama kumjazia Himid kikombe. "Ile fulana ya pili," alisema polepole, "mama yako ilimkaa? Nilikuwa nyuma yako." Kisha kwa sauti ya kila mtu: "Daktari kasahau kutwambia masharti."

Himid alimtazama yeye, akaitazama nyumba ya sheha ng'ambo ya njia. "Yapo," alisema. "Dawa bila ya masharti ni uji."

"Mume asiguse maji ya chumvi."

"Asiguse. Miezi miwili."

"Kwa pacha?"

"Kwa pacha mitatu."

"Na mavyaa asilale paa moja na wenye kutumia dawa."

Bi Kazija aliacha kutafuna. "Miye nilale wapi?"

"Kwa wifi Kauthar, Kojani," alisema Mwatum.

"Kojani hasa," alisema Himid, jasho likimtoka. "Iko mashariki. Dawa hii inapenda mashariki."

Haroub, aliyerudi mbaamwezi hiyo na kukaa pembeni, aliangalia vidole vya miguu yake.

"Hebu ngojeni," alisema Talib. "Huyu akikaa nyumbani, wavu wangu atauvuta nani?"

Mwatum alikusanya vikombe. "Si daktari katoa mwili wake?"

Talib akamshika Himid mkono, akamminya juu ya kiwiko kama anayenunua ng'ombe wa kulimia. "Atafaa," alisema.

Bi Kazija alikwenda Kojani na mbuzi wake wote, kwa kuwa malipo ni mpaka wajukuu waonekane. Himid alikwenda dago na fulana yake ya njano. Haroub alilitoa pazia, akafungia tundu la kuku.

Mbaamwezi mbili zikapita. Asubuhi moja, Haroub akioga uani, simu yake ililia, ujumbe umeingia. Mwatum akaichukua. Siku hizo harufu ya samaki ilikuwa ikimfukuza jikoni, na hakuwa amemwambia mtu ila mumewe.

"Bi Mwatum," aliandika Himid, "mikono imechubuka, chakula hakikai tumboni, na nahodha ananiita daktari mbele za watu. Dada yangu, dawa imeshashika? Mwambie Talib neno moja tu, anirudishe."

"Nani huyo?" Haroub aliuliza kutoka uani.

"Mtu wa dago."

"Anataka nini?"

Mwatum aliusoma tena, taratibu. Kisha akaigeuza simu kifudifudi juu ya mto, akampelekea mumewe taulo.