Chupa Namba Nne na Bwana Inategemea

Jumapili, 8 Machi

Nimempoteza binti yangu leo saa saba na dakika ishirini mchana, mezani, kati ya chakula na chai. Hajafa. Hajaolewa. Amehamia kwa mjomba wake.

Ilikuwa hivi. Jumamosi ijayo shuleni kwao kuna mdahalo. Hoja: uhai ulianza wenyewe, kutokana na kemia isiyo na uhai. Binti anaitetea. Kila msemaji anaruhusiwa mgeni mmoja, mtu mzima, dakika tano mbele ya ukumbi. Nikakohoa kidogo. Nikanyoosha kola. Akamtaja Shemeji!

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Anafundisha baiolojia shule nyingine. Mimi namwita Bwana Inategemea, kimoyomoyo, na siku nyingine kwa sauti. Muulize kama mvua itanyesha: inategemea. Muulize kama ameshiba: inategemea. Leo mezani nimemuuliza swali la watu wazima, uhai ulianzaje, akaongea dakika ishirini na sita. Wapo wanaosema ulianzia kwenye vidimbwi vya nchi kavu, vya kujaa na kukauka. Wapo wanaosema chini kabisa baharini, kwenye nyufa zinazotoa maji ya moto. Wengine wanasema kilichotangulia ni kitu chenye kujinakili. Wengine, mchemko wa kemikali uliojiendesha wenyewe. Wengine, ngozi, yaani kijifuko cha mafuta cha kutenga ya ndani na ya nje. Nikamuuliza, sasa yupi mkweli? Akapangusa mdomo taratibu. Inategemea, akasema, ushahidi upi unaupa uzito.

Nikasema: ngozi. Nikawaeleza. Napika sabuni mwaka wa kumi na tisa huu. Nilianza na darasa la saba, sufuria moja na mwiko. Leo nina masufuria manane na hakuna aliyenishika mkono. Kila chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Zimwage nyingi majini, zinageukiana mikia, zinajifunga duara. Hakuna anayeziamuru.

Binti akaniangalia kwa huruma. Hasira ningeivumilia.

"Baba, wewe ni wa sabuni," akasema. "Huu ni mdahalo wa sayansi."

Mke wangu akasema vyovyote uhai ulivyoanza, vyombo bado vichafu.

Nina siku sita. Nitauanzisha uhai upya, kwenye chupa. Kiti kile cha mgeni ni changu.

Jumatatu, 9 Machi

Nimefika kiwandani saa kumi na mbili na nusu. Kiwanda ni vyumba viwili na ua. Chupa sita za kioo, lita moja moja, zenye namba. Ndani ya kila moja: maji ya mvua, chumvi, majivu, msumari wenye kutu, vipande vya sabuni gramu tano. Shemeji alisema hapo mwanzo sukari ilijitengeneza yenyewe, polepole sana. Nimeongeza kijiko kimoja kimoja. Kwa hesabu yangu kila kijiko kimeokoa miaka milioni mia mbili.

Nimezichemsha saa nzima kwenye sufuria moja, nikaziba kwa kizibo na nta ya mshumaa. Hakuna kilichobaki hai humo. Hakuna! Usafi wa kiwanda changu haujawahi kutiliwa shaka.

Dada Kisu, anayenikatia miche ya sabuni, ameuliza oda ya leo inapikwa na nani. Nimemwambia kuna kazi kubwa kuliko oda. Akasema sawa bosi, kwa ile sauti yake.

Jioni nimeonja. Hii ndiyo shule yangu. Sabuni inapoiva unachovya kidole, unagusisha ulimi. Ulimi ukishtuka, kostiki, yale magadi makali ya kupikia sabuni, bado imo. Ukitulia, imeiva. Wengine wana karatasi za kugeuka rangi. Mimi nina ulimi, na haujakosea tangu sufuria ya kwanza. Kanuni ya kiwanda: kila mpiko onja kipande kimoja, viamini vingine. Nimefungua namba nne kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na kiti. Nimechovya, nimeonja, nimechovya tena kwa uhakika. Shwari. Nimeziba.

Jumanne, 10 Machi

Tatizo la muda. Shemeji alitaja miaka milioni mia moja, akaongeza neno lake lile. Mimi nina siku nne.

Nimepata dawa. Dimbwi linapata joto mchana, baridi usiku. Basi, beseni la maji ya moto upande huu, ndoo ya maji baridi upande ule. Dakika saba na nusu huku, saba na nusu kule: siku moja imepita. Siku nne kwa saa, saa nane za kazi, siku thelathini na mbili kila siku. Milioni mia moja gawa kwa thelathini na mbili ni miaka milioni tatu, laki moja na elfu ishirini na tano.

Nimefupisha safari. Bado ndefu.

Mgongo unauma. Dada Kisu amesema hata Mungu alipumzika siku ya saba, mimi kwa leo peke yake nimekwisha kufikisha ya thelathini. Nimemwambia anishikie ndoo.

Nimeonja namba nne asubuhi, mchana na jioni. Nyingine tano nimeziamini.

Jumatano, 11 Machi

UHAI!

Saa moja kasoro kumi asubuhi. Chupa tano ni angavu kama jana. Namba nne imekuwa na wingu! Nimeisogeza dirishani. Linazunguka. Nimekaa chini kwenye saruji, mimi, mtu wa darasa la saba. Nilifikiria ile siku ya kwanza kabisa. Mawe, maji, moto, na hakuna hata mmoja wa kusema angalia. Halafu, mahali fulani, ngozi ndogo ikajifunga, ikawa na ndani. Kabla ya hapo dunia nzima ilikuwa nje.

Nilikaa hivyo dakika kumi na moja.

Dada Kisu ameinusa akasema imechacha. Nimemsamehe. Kukata miche ni kipaji, sayansi ni kipaji kingine.

Nimempigia Shemeji simu. Nimemwambia kesho saa kumi na moja jioni aje na hadubini ya shule yake. Ameuliza kuna nini. Nimemjibu: inategemea. Raha niliyoipata siwezi kuieleza.

Alhamisi, 12 Machi

Wamekuja wote watatu: Shemeji na hadubini, mke wangu na shaka zake, binti na daftari. Nimevaa shati la harusi.

Shemeji ameweka tone kwenye kioo, akainama. Vinatembea, akasema. Nikamwambia arudie, wote wasikie. Vinatembea! Binti akaangalia. Akaangalia tena. Nilikuwa namtazama yeye, si kioo. Uso wake ulikuwa ule wa miaka minne, aliponikuta napuliza mapovu uani akadhani nayazaa. Kwa dakika nzima nilikuwa naye tena.

Kisha akafungua daftari. Akaniuliza nimefanya nini, hatua kwa hatua, saa kwa saa. Maswali mazuri! Nimejibu kila moja kwa takwimu. Akauliza kwa nini chupa tano zimebaki angavu na zote zimetoka sufuria moja. Nikamwambia namba nne ina bahati. Akauliza nini kingine namba nne ilifanyiwa ambacho nyingine hazikufanyiwa. Nikasema hakuna, ila uonjaji wa kawaida. Nikamwonyesha. Nikachovya, nikaonja, nikachovya tena.

Binti akaacha kuandika.

"Baba," akasema. "Rudia."

Nikarudia. Mke wangu akajifunika uso kwa khanga. Mabega yanacheza.

Shemeji ndiye aliyeeleza, na kwa upole, jambo ambalo sitamsamehe. Kinywa cha mtu kina vijidudu kwa mamilioni. Chupa ilikuwa haina kiumbe, ina joto, ina sukari. Mimi ndiye niliyevihamishia humo, kwa kidole, mara tano kabla ya wingu. Uhai ulitoka kwa uhai, akasema, kama ilivyo kawaida. Nikamuuliza kama ana hakika. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema inategemea. Alisema ndiyo.

Ijumaa, 13 Machi

Nimepika oda zote mbili zilizochelewa. Sijasema na mtu. Dada Kisu hakunitania hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Jioni nilitaka kuzimwaga chupa. Hazipo! Dada Kisu amesema binti alipita baada ya masomo, akazifunga kwa magazeti kwenye ndoo, zote sita, akaondoka. Hakuniomba. Hakuniaga.

Kwa hiyo nitachekwa mbele ya ukumbi mzima. Na mgeni ni yule yule.

Jumamosi, 14 Machi

Nimekwenda. Nimekaa safu ya kumi na moja, karibu na mlango, kwa usalama.

Upinzani ulianza. Kijana mwenye tai alisema kama uhai ungeweza kujianzisha, basi tungeuona ukijianzisha leo, kila mahali, kwenye kila dimbwi. Mbona hauonekani? Makofi mengi. Hata mimi nilikaribia kupiga. Shemeji akapewa dakika zake tano. Alitumia saba. Nimehesabu "inategemea" nne.

Kisha binti. Akazipanga mezani chupa sita. Tano angavu, moja chafu. Akasema hizi zimetengenezwa na fundi sabuni, na fundi huyo ni baba yake, na baba yake yuko safu ya kumi na moja. Vichwa mia vikageuka. Akaeleza kila kitu. Moto, baridi, siku thelathini na mbili. Kisha akaeleza ulimi.

Kicheko kile! Nilitafuta kitasa cha mlango kwa mkono wa nyuma. Hakikuwapo, mlango ni wa kusukuma.

Msimamizi akauliza kama mzee kweli anaonja. Nikasimama. Nikasema kila sufuria, mwaka wa kumi na tisa huu. Wakacheka tena, lakini binti hakucheka. Alisubiri wamalize.

"Mwenzangu anauliza mbona hatuuoni ukianza leo," akasema. "Jibu ni chupa ya baba. Siku hizi hakuna dimbwi lisiloonjwa. Ulimi uko kila mahali. Hewani, vumbini, kwenye vidole vyetu. Chochote kinachojaribu kuanza upya kinaliwa kabla hakijawa kitu. Lakini ilikuwapo siku moja, zamani, ambayo hakukuwa na ulimi hata mmoja duniani. Siku hiyo chupa zote zilikuwa kama hizi tano, na zilikuwa na muda wote."

Akasema hajui kilichotokea siku hiyo, na hakuna ajuaye bado. Ila kuna watu wanaoijua ngozi jinsi inavyojifunga, bila kuamriwa, na mmoja wao ameketi safu ya kumi na moja.

Nilibaki nimesimama. Nilisahau kukaa.

Kura: sitini na moja wameipinga hoja, hamsini na nane wameiunga mkono. Tumeshindwa kwa kura tatu. Nimehesabu mikono mwenyewe na nina mashaka na safu ya nne.

Njiani alinishika mkono. Nilikuwa nafikiria siku ile isiyo na ulimi. Ukimya wake. Kitu cha kwanza kuwa hai, na hakina hata cha kukila.

Jumapili, 15 Machi

Nimeamka na akili safi. Nimelipitia jambo zima kwa hesabu na kosa limeonekana. Nilionja chupa moja tu! Katika sita, iliyoonjwa ndiyo iliyofanikiwa: asilimia mia. Zisizoonjwa: sifuri katika tano. Takwimu hazina upendeleo. Leo nimeandaa chupa kumi na mbili na nimezionja zote, kwa usawa, mara mbili mbili.

Saa nane mchana binti alikuja kiwandani mwenyewe. Alipindua ndoo akakaa. Aliniomba nimwonyeshe ngozi inavyojifunga, tangu mwanzo, polepole, anataka kuandika. Nilimwambia asubiri kidogo, namwandikia mjomba wake barua muhimu. Alisubiri dakika arobaini. Mimi nilikuwa bado aya ya pili. Alipoondoka alisema labda wiki ijayo. Nikamwambia vizuri, kufikia hapo tutakuwa na jibu la uhakika.

Barua, nakala yangu:

"Shemeji. Alhamisi ulidhihirisha kwamba unaweza kusema ndiyo. Kwa hiyo huna tena kisingizio. Hapo mwanzo, kabla ya ulimi wowote, je, ngozi ndiyo iliyotangulia? Nasubiri neno moja, ndiyo au hapana, kwa maandishi, mkononi mwa Dada Kisu, kabla ya Jumatano saa kumi kamili jioni. Inategemea haitapokelewa."