Damu ya Giaboksi

Jumatatu, Juni 16

Siku nzuri. Mzee Abu, baba mkwe wangu, anarudi kutoka Hija Jumamosi. Ametuma ujumbe kutoka Madina. Akishuka ndege Kisumu ataletwa moja kwa moja hapa Mayoni, na karamu itafanyika kwangu. Si kwa Bilal. Kwangu.

Bilal ni mwanyumba wangu. Amemwoa Nadia, mdogo wa mke wangu Zeituni, anaishi Mumias, anauza matairi, na hutabasamu hata matangani. Anaitaka pikapu ya Mzee. Mimi pia. Macho ya Mzee yamechoka, hataendesha tena, na alisema mbele yetu sote kwamba akirudi ataamua nani kati yetu abaki nayo. Alipoondoka aliiacha uani kwangu, pamoja na fahali wa karamu. Akaacha na maagizo. Niiwashe kila Ijumaa, nimlishe fahali, nisifungue chochote. Hili la mwisho alilirudia akinitazama sana. Sijui kwa nini.

Sasa mpango. Mzee atapokewa na pikapu iliyobadilishwa mafuta yote, kuanzia ya giaboksi. Ataona mwenyewe nani mwanamume wa kuachiwa gari. Nimetazama video kwenye simu. Jamaa analala chini ya gari, anafungua nati moja, mafuta yanatoka, anafunga, anamimina mapya. Hata jasho hana. Zeituni aliuliza kama Baba hakusema nisifungue. Nikamweleza kwamba Mzee alimaanisha boneti. Chini ya gari hakukutaja. Zeituni akaendelea kuchambua mchele.

Jumanne, Juni 17

Bado nanuka mafuta ninapoandika.

Nililala chini ya pikapu baada ya swala ya adhuhuri. Nati ilikataa. Nikaigonga na mchi wa kinu cha Zeituni, ikakubali ghafla, mafuta yakanimwagikia usoni. Mekundu! Mimi nilitegemea meusi, kama ya injini. Kwa muda nilidhani nimekata mshipa, wangu au wa gari, sikujua. Ya yule jamaa wa video yalitoka kwa adabu. Yangu yalijaza karai la kukandia unga, yakafurika, na bado yakawa yanakuja. Ndipo mvua ikanyesha, ile mvua yetu ya kila alasiri. Uwanja wangu unateremkia getini na geti linateremkia barabarani. Nilisimama nimelowa, nikitazama maji mekundu yakipita chini ya geti kuelekea kwa majirani.

Mvua haijakatika vizuri, Pascalia huyo. Ni jirani wa ng'ambo ya barabara, mkulima wa miwa, mama wa kanisa. Amebeba sufuria yenye kifuniko. Alinipongeza kwa kumchinja fahali, akasema tu kwamba majirani huambiananga mapema. Nyuma yake Shikanga, mzee wetu wa kijiji, na beseni. Nyuma ya Shikanga, watu.

Nilikuwa na pumzi moja ya kuchagua. Nikisema ni mafuta ya giaboksi, Bilal atajua kabla ya magharibi na Mzee atajua kabla ya isha, huko huko Madina. Pikapu nimeikosa. Nikisema ni fahali, basi ni fahali tu. Fahali huchinjwa. Kwa hiyo nikasema ndiyo, nimechinja. Nikaongeza kwamba nyama iko kwa daktari wa mifugo inakaguliwa, warudi Alhamisi. Wakaniombea baraka, wakaondoka na vyombo vyao vitupu.

Zeituni alikuwa mlangoni mwa jikoni muda wote huo. Aliuliza jambo moja tu. Nimechinja yupi? Nyuma ya nyumba fahali alikuwa anamaliza matembele yake.

Jumatano, Juni 18

Bilal alipiga simu kabla sijanywa chai. Habari imefika Mumias. Yeye hana neno, alisema, anashangaa tu kwamba fahali wa Alhaji anachinjwa Alhaji akiwa bado safarini. Ameshaandika kwenye kundi la simu la familia, kwa nia njema. Nadia ameweka nyuso zinazolia. Mzee hakuandika kitu, lakini alama zinaonyesha amesoma. Afadhali angenitukana.

Fahali nimemficha kwenye ghala la mahindi. Aliingia kwa hiari yake, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Saa sita akaanza kulia. Pascalia alikuwa akipita, akasimama getini kusikiliza. Nikamwambia ni giaboksi, gia zinasumbua kuingia. Akasema pole, gari ya bwana yake hailianga hivyo.

Nilikaa kwenye kigoda nikafikiria hali yangu. Jana giaboksi ilikuwa fahali. Leo fahali ni giaboksi.

Mafuta mapya nimenunua hapa hapa sokoni. Muuzaji aliuliza giaboksi ni ya otomatiki au ya kawaida. Nikamwambia ya pikapu. Akanipa mafuta mazito ya rangi ya asali. Hayafanani na yale yaliyotoka, lakini mafuta ni mafuta. Yaliteremka kwenye mrija kwa uvivu mpaka jua likapoa. Nilipokuwa nangoja nikaona nisikae bure, nikamwaga na maji ya rejeta. Nayo mekundu! Gari hili lina nini? Safari hii niliyakinga yote kwenye mtungi wenye kifuniko na kuyafungia stoo, hakuna aliyeona, hakuna aliyeleta sufuria. Nikajaza maji safi ya mvua. Zeituni aliponiona naigeukia breki alikuja akachukua spana mkononi mwangu.

Kisha nikawasha. Injini tamu kabisa. Nikatia gia ya kwenda mbele. Gari likanguruma, likabaki pale pale. Nikatoa, nikatia tena. Wapi! Nikatia rivasi. Likaondoka kwa nguvu hadi likagusa ukuta wa choo. Pikapu ya Mzee imebaki na njia moja tu ya kwenda, nayo ni ya nyuma.

Alhamisi, Juni 19

Nyama nimenunua bucha ya mbali, nikaifunika kwa magunia. Wakaja wote. Nikagawa. Mafungu yalikuwa madogo na nyuso zilisema hivyo. Shikanga alilipima la kwake kwa kiganja, akasema yule fahali alipokuwa hai alionekana mkubwa kidogo. Nikamwambia mnyama akichinjwa hunywea. Sijui maneno haya huyatoa wapi. Shikanga alitikisa kichwa kama mtu aliyeyajua siku zote.

Halafu akauliza kichwa kiko wapi. Kichwa ni cha mzee wa kijiji, hapa kwetu ndivyo ilivyo, hata mtoto anajua. Nikasema kichwa kinamngoja Alhaji akipe baraka. Jasho halijakauka, akaja mjumbe wa maalim wa madrasa. Ngozi ya mnyama wa karamu huwa inapewa madrasa. Maalim anasalimia na kuuliza aje lini kuichukua. Ngozi ipo, lakini bado imevaliwa. Nikajibu kwamba inakauka.

Siku hizi Zeituni ananiambia neno moja kwa siku. La leo lilikuwa "Kula." Obusuma, ugali wetu, na mboga. Nyama yote niligawa.

Ijumaa, Juni 20

Lahaula! Baada ya swala ya Ijumaa maalim alisimama akanitaja kwa jina. Akasema Yakub ni mfano, hakungoja hata mgeni afike, aliwakumbuka majirani Waislamu na Wakristo bila kubagua. Akaniombea dua. Msikiti mzima ukaitikia amina. Sijawahi kuombewa dua kubwa namna ile, na ni kwa fahali ambaye asubuhi hii nilimpa majani kwa mkono wangu. Niliona aibu, kweli niliona. Nilitamani zulia linifunike. Aibu hiyo ilikaa mpaka nilipovaa viatu.

Zeituni leo alitumia maneno mengi. Alinisihi nimwite fundi Willis, aliye na gereji pale kwenye kona, atazame giaboksi kabla Baba hajafika. Haiwezekani. Willis hununua matairi kwa Bilal, na mtu anayenunua matairi huacha na hadithi dukani. Zeituni akasema basi nimwambie Baba ukweli, Baba husamehe. Husamehe, ndiyo. Lakini husamehe na kumpa Bilal gari.

Mchana nimefanya mazoezi ya rivasi uani. Banda la kuku limekufa. Kuku wazima. Nilipokuwa nawatoa ndipo wazo likanijia, kubwa hata nikaketi. Mzee atashukia njia panda, na kutoka pale hadi kwangu ni mwendo mfupi. Watu watakuwa nyuma wakimsindikiza kwa kaswida. Je, ni adabu Alhaji awape watu kisogo?

Jumamosi, Juni 21

Niandike kwa utaratibu. Bado masikio yanavuma.

Asubuhi nilirudi rivasi hadi njia panda, shingo imegeuka, trekta za miwa zikinipigia honi. Pale nikalizungusha kwa rivasi hiyo hiyo hadi nyuma yake ikaelekea kwangu, nikaegesha. Gari lililomleta Mzee kutoka Kisumu likafika, ndani yake na Bilal, ambaye alikuwa ameamka alfajiri kwenda kumlaki. Mzee alishuka na kanzu nyeupe, amekonda, ndevu zimetiwa hina. Alinikumbatia. Sikutegemea. Akanishika mabega akauliza gari lake likoje. Nikasema lina shauku.

Kabla Bilal hajafungua mdomo niliwatangazia watu. Kwamba nimesoma kuwa mgeni mtukufu hapewi kisogo wala yeye hawapi watu kisogo. Kwamba kwa hiyo Alhaji ataketi mbele, nami nitaendesha kinyumenyume, ili awaone watu wake wakija na wao wamwone yeye. Kisha maalim akasema hili ni zuri sana, hajapata kuliona. Mabinti wa madrasa wakaanza dufu na kaswida.

Tukaondoka. Ilikuwa safari ya heshima kuliko zote nilizowahi kuziona hapa Mayoni. Mzee mbele akipunga mkono, watu wote wakimtazama usoni, kina mama wakipiga vigelegele, Pascalia na kina mama wa kanisa lake nao ndani. Nilimwona Bilal pembeni. Alikuwa hatabasamu! Mzee alijifuta machozi kwa kilemba. Akaniambia hakujua kwamba ninampenda hivi. Nilihisi ufunguo uko mfukoni mwangu kabisa, wa maisha.

Kaswida ndiyo iliyoniponza. Dufu zilipokaribia geti, fahali akashtuka ndani ya ghala. Nilisikia mlango ukipasuka. Niliona kwenye kioo cha pembeni kitu cheusi kikitoka uani, kikubwa, mahindi yamekaa puani. Nikakanyaga breki. Kwenda mbele siwezi. Nyuma kuna fahali. Akapita ubavuni mwa gari taratibu, akasimama katikati ya barabara, mbele ya watu waliomla.

Dufu zilinyamaza moja moja. Pascalia alishika tumbo. Shikanga alikitazama kichwa. Maalim akaitazama ngozi. Fahali akajamba, samahani, lakini ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyecheka.

Mzee akaniambia kwa sauti ya chini nimtoe pale, nisogeze gari mbele. Nikamwambia haliendi mbele. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu fahali alipokufa.

Jumapili, Juni 22

Fahali alichinjwa jana hiyo hiyo, na maalim mwenyewe, mbele ya mashahidi kijiji kizima. Shikanga alikaa karibu na kichwa tangu mwanzo hadi mwisho akaondoka nacho bila kuaga mtu. Willis alilala chini ya pikapu, akatoka na uso wa mtu aliyeona maiti. Anasema itabidi giaboksi ishushwe yote ioshwe. Aliuliza nani aliyemimina yale. Nikamwuliza hali ya familia yake.

Leo asubuhi Mzee aliniita. Tuliketi wawili kwenye mkeka. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilijua namna ya kuinamisha kichwa, nilijua na mahali pa kuweka mikono. Hakutukana. Ufunguo akauweka mbele yangu, nikanyoosha mkono, kisha akamwita Zeituni akampa yeye. Aendeshwe au ajifunze kuendesha, ni gari lake sasa. Zeituni aliupokea kwa mikono miwili, akaufunga kwenye pindo la leso. Hakunitazama. Afadhali angenitazama. Bilal naye, nimeambiwa, amekosa chakula cha mchana kwa mshtuko, na hilo limenisaidia kidogo.

Kisha Mzee akaniambia jambo ambalo sikulitegemea kabisa. Kwamba akiwa Arafa, kwenye jua lile, watu wote wananyanyua mikono, aliwaombea wanawe mmoja mmoja. Na mimi alinitaja wa kwanza. Kabla ya Zeituni. Kabla ya Nadia. Alilia akinitaja. Nilimbusu mkono, nikamwuliza aliniombea nini.

Alimwomba Mwenyezi Mungu auondoe moyoni mwangu upendo wa spana.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia peke yangu. Hakuna aliyewahi kunifikiria kiasi hicho, na mahali kama pale. Nimekaa nikalitafakari sana jambo hili tangu hapo. Mimi ni mtu wa imani. Dua ya Arafa, tena ya mzee mwenye machozi, lazima itakubaliwa, kama si leo basi kesho. Nikiamka siku moja upendo huo haupo, nitakuwa mtu wa kutazama tu.

Kwa hiyo sina muda wa kupoteza. Zeituni amekwenda kumtembelea Nadia na hatarudi kabla ya magharibi. Mafuta ya difu, lile bonge la chuma kati ya magurudumu ya nyuma, hakuna aliyeyagusa, hata Willis. Nati yake ni moja tu, nimeiona. Naingia chini ya gari sasa hivi, kabla dua haijajibiwa.