Ombi la Kumrudisha Chanelle Ofisini

Kinama, Bujumbura
Alhamisi, baada ya misa ya asubuhi

Kwa Madame Adélaïde, Mkurugenzi wa vituo vya vijana, ofisini kwake Kibenga

Mheshimiwa Madame Mkurugenzi,

Natanguliza salamu na heshima, na kuuliza afya yako kabla sijakuharibia siku. Mimi ni Méthode, karani mstaafu wa bandarini, sasa katibu wa kamati ya kituo chetu cha vijana walio hatarini, na mtunza muhuri. Nakuandikia kuhusu huyu binti Chanelle mliyetuletea baada ya Pasaka kuwahudumia vijana. Naomba arudishwe ofisini kwetu haraka, kabla hajamaliza kutuharibia kituo. Sababu zangu ni hizi.

1. Amehama. Kwa miaka mitatu kituo kilifunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa tisa, na muda wote huo hatukugombana na kijana hata mmoja, kwa kuwa hakuna aliyekuja. Daftari la wageni ni safi kama lilivyotoka dukani. Bango la KARIBUNI VIJANA tulilitundika ndani, nyuma ya kabati, lisinyeshewe na mvua. Chanelle alikaa nasi siku nne. Siku ya tano alibeba kiti chake mpaka ligala, ile kona iliyo mbele ya nyumba yangu, wanaposhinda vijana wakicheza karata, akaketi nao. Siku hizi ofisi ndiyo hiyo, na kazi inaanza saa kumi jioni, eti kwa sababu asubuhi wanatafuta vibarua bandarini. Madame, tangu lini kisima kikamfuata mwenye kiu?

2. Amefuta cheti. Hili ndilo linaloniuma. Kanuni yetu, niliyoiandika kwa mkono wangu, inasema kijana hataandikishwa kuwa kijana aliye hatarini mpaka alete cheti cha mwenendo mwema chenye muhuri wa kamati. Ilikuwa kanuni nzuri, ilitukinga na wahuni wa kila aina. Wala sikupendelea mtu. Mwanangu Loïc, mwenye miaka kumi na tisa, aliyeacha shule, aliyekuwa akilala kwa marafiki na kuapa kila siku kwamba atapanda boti ya mizigo akachimbe dhahabu Kongo, aliniomba cheti nyumbani mwaka jana. Nilimtazama usoni nikamnyima, kwa sababu mwenendo wake haukuwa mwema. Tangu siku hiyo hakunisalimu tena. Sheria ni msumeno, Madame, na safari hii ulinikata mimi. Chanelle yeye hakumwomba cheti. Alimwuliza jina tu, na sasa Loïc anakwenda pale kila siku.

3. Anawauliza wanachotaka. Sisi tuliwaandalia semina ya siku mbili juu ya Uongozi na Maono, na viti arobaini vilihudhuria bila kukosa hata kimoja. Chanelle aliwauliza vijana wenyewe, wakasema wanataka kujua mashine za boti. Basi akamleta Mugisho, fundi wa bandarini aliyetokea Uvira, mtu asiye na karatasi hata moja ya shule. Siku ya kwanza Mugisho aliweka mashine iliyokufa juu ya meza ya karata, akawaambia: “Muifungue yote. Mukishindwa kuirudisha, apana mutu ataenda nyumbani.” Huo ndio ualimu? Sasa kila jioni mashine inakohoa mbele ya dirisha langu na redio siisikii.

4. Anaruhusu watoto wachanga. Kanuni ya sita inawakataza. Lisette, yule muuza ndagala, dagaa wa ziwani, anajifunza kufunga skrubu mtoto akiwa mgongoni. Nilipokwenda kukagua, nikiwa na muhuri wangu, mtoto huyo alitambaa mpaka kwenye kidau changu cha wino. Siku mbili ulimi wake ulikuwa wa zambarau, na hakuna aliyeandika ripoti. Badala yake waliniwekea kiti na kunipa chai. Niliinywa kwa ajili ya ukaguzi tu. Tangu hapo nimekagua mara sita.

5. Sina tena wa kumkaripia. Zamani nilipita ligala kila jioni kuwaonya vijana, na daktari alisema matembezi yale yananifaa. Sasa nikifungua mdomo naambiwa, “Apana, muzee, ngoja kidogo, tuko na kazi.” Mtu wa umri wangu amkaripie nani? Mke wangu alikwisha kataa.

Madame, fikiria mwisho wake. Mambo yakienda hivi, kabla ya Noeli vijana wetu hawatakuwa hatarini tena. Na kituo cha vijana walio hatarini kitabaki na kazi gani? Kamati je? Muhuri je? Tunakutana Jumamosi, baada ya kazi za jumuiya, na wajumbe wanasubiri jibu lako. Ukisema neno moja tu, Chanelle atarudi mezani kwake na shughuli za ligala zitafungwa.

Nisalimie Monsieur, watoto, mlinzi wa getini, na hata wale viboko wanaotoka ziwani kula majani ya ua wenu. Sisi hapa ni wazima, na ulimi wa mtoto wa Lisette umerudia rangi yake.

Wako mpenda utaratibu,
Méthode
Katibu na mtunza muhuri

N.B. Leo ni Ijumaa. Barua hii ningeichana, lakini nilikwisha kuipiga muhuri. Jana jioni Loïc aliingia nyumbani, mikono imejaa oili, akasema, “Papa, mashine imewaka. Kuya uone.” Nikaenda. Aliyeiwasha ni yeye, na mimi nililia mbele ya ligala nzima, sikufichi. Kwa hiyo tafadhali mwache Chanelle palepale alipo, na kama kamati itakitafuta kiti cha katibu, kiko huko pia, nilikihamisha mwenyewe. Tuliporudi nilichukua fomu ya mwisho ya cheti cha mwenendo mwema, nikaandika jina la Loïc, nikagonga muhuri mara mbili. Akaitazama, akaniuliza, “Papa, sasa hii niipeleke wapi?” Ameibandika ukutani, juu ya kitanda chake, na jana usiku alikilalia kitanda hicho, hakwenda kwa marafiki.