Mzazi Mwenye Miba na Kiti cha Uhuru

Jumatatu, 2 Desemba 1963. Kikoneni.

Mwalimu Abdurahman wa darasa la watu wazima asema kila mmoja wetu aandike yaliyompata kutwa. Yamenipata mengi. Kubwa ni kiti.

Siku ya Uhuru, Alhamisi ya wiki ijayo, jukwaa litasimamishwa Msambweni. Kila kijiji kimepewa kiti kimoja cha mama mzee, hapo hapo ubavuni mwa Bwana Mkubwa wa wilaya. Kimoja! Kikoneni ina kina mama wazee wengi. Mwenye akili ni mmoja. Nilidhani mwalimu atanitaja palepale. Mimi ni mkunga wa miaka thelathini, na yeye mwenyewe nilimkata kitovu. Hakunitaja. Asema patakuwa na Meza ya Maajabu ya Nchi Yetu, na mama atakayeleta ajabu kubwa kuliko wenziwe ndiye atakayeketi.

Mwanarusi akanyanyuka saa ileile. Ana muhogo. Eti una urefu wa mtu mzima. Huyu Mwanarusi ni mkwe mwenzangu. Mwanawe Mwanaima ameolewa na mwanangu Kibwana. Mwanaima simlaumu. Mama hachaguliwi.

Njiani akanifuata, sauti imejaa asali. Aniomba nimruhusu Mwanaima aende akaione bendera. Nikamwambia mwanawe kajifungua juzijuzi, leo ni siku ya ishirini na moja, na mzazi hatoki nje mpaka arobaini ziishe. Akasema Uhuru haurudi mara ya pili. Nikamwambia na kiuno vilevile. Akaenda zake akikokota ndara.

Jumanne, 3 Desemba.

Tangu alfajiri nazunguka shambani natafuta ajabu. Mume wangu Matano, aliyekuwa amejinyoosha barazani, akanishauri nijiweke mwenyewe juu ya meza. Chai hakuipata.

Adhuhuri nimelipata! Ni kwenye mkorosho uliokufa, nilipokuwa nikibandua magome ya kuwashia moto. Mjusi, lakini si mjusi. Si yule wa ukutani, wala si kenge. Ni bapa, kama aliyekanyagwa na lori akakataa kufa. Mwili wote magamba magumu, safu juu ya safu, kama makuti yalivyopangwa paani, na kila gamba lina ncha yake. Mkia ni miba mitupu, pete baada ya pete. Alikuwa akiota jua mdomoni mwa ufa. Kuniona tu, akajitia ndani.

Nikamshika mkia. Nikavuta. Wallahi, akajijaza upepo! Alivimba humo ufani mpaka akabana huku na huku, miba ikashika mti kama misumari. Nimewatoa watoto wa watu duniani miaka thelathini, sijashindwa na kiumbe kisichotaka kutoka. Leo nimeshindwa. Vidole vyachuruzika damu.

Nikamwita Matano na msumeno. Akauliza mti una kosa gani. Nikamwambia akate. Amekata kipande cha gogo, ufa ndani yake, mjusi ndani ya ufa. Mtu na nyumba yake. Sasa yuko jikoni kwangu. Nimemwita Askari, maana kavaa chuma. Ni dume. Mimi haya mambo nayajua kwa kutazama.

Kiti changu hicho!

Jumatano, 4 Desemba.

Mvua jana usiku, leo kumbikumbi wametoka ardhini. Nimemletea Askari ganda la nazi limejaa. Kwanza alijifanya maiti. Nilipogeuka nikasikia kru kru kru. Hana haraka. Ala kama mzee aliyealikwa. Panzi naye kamla, na mende wawili wa jikoni kwangu ambao siwajui walikotoka.

Mwalimu kapita kumwona. Macho yamemtoka! Asema hajapata kumsoma kitabuni. Nikamwambia kitabu hakikati kuni. Akauliza kama ana sumu. Nikasema hana, silaha yake ni kujibana tu. Akaandika karatasini. Mwalimu akiandika maneno yangu! Nikamwongezea kwamba dume hili lina umri wa miaka kumi. Hilo nimelitunga, lakini lilifaa.

Kisha akaharibu. Asema amekwenda kuutazama na muhogo wa Mwanarusi. Watu wanne ndio waliouinua.

Alhamisi, 5 Desemba.

Msiba umeupata muhogo wa Mwanarusi. Mbuzi wangu alifunguka, akaenda moja kwa moja mpaka kwake, akautafuna upande mmoja wote. Kamba ilikatika. Ilikatika kwa kisu, lakini ilikatika.

Nikaenda kumpa pole. Nilibeba na ndizi. Mwanarusi hakulia, hakunitukana. Alinitazama tu, akasema mbuzi huyo ana akili sana, kapita mashamba matatu ya muhogo bila kugusa. Nikasema kila kiumbe na kipawa chake. Akasema na kila mwerevu ana siku yake. Ndizi akazipokea.

Ijumaa, 6 Desemba.

Astaghfirullah.

Askari kazaa.

Asubuhi niliinama nimtazame ufani, nikaona vichwa vinne. Nikafuta macho. Vinne. Watoto watatu, kila mmoja hazidi kidole changu cha kati, na miba yao tayari, kama walioshonewa nguo tumboni. Hakuna yai! Nilitafuta ganda kila mahali, kwenye jivu, chini ya jungu. Hakuna. Kazaa wazima wazima, kama mimi na wewe. Na mimi mkunga nilikuwa nimelala chumba cha pili! Hakuniita, hakulia, hakumshika mtu mkono.

Mwanaima kachungulia kutoka chumba chake, mtoto kifuani, akacheka mpaka akakaa chini. Aniuliza, mama, na huyu dume tumpe jina gani sasa? Nikamfukuza arudi ndani, upepo utamwingia. Nimembadilisha jina. Ni Bi Askari.

Nikampikia uji wa pilipili manga, mwembamba, kama ninavyowapikia wazazi wote. Hakuugusa. Na hanyonyeshi! Watoto wenyewe washaanza kufukuza sisimizi, siku moja duniani. Mama mzima kalala kajipa jua. Nimemgombeza sana.

Lakini ajabu ni ajabu. Mjusi wa miba anayezaa kama mtu! Muhogo gani utasimama mbele ya hili?

Jumamosi, 7 Desemba.

Nimeingia mtegoni, na mtego ni wangu.

Mwanarusi kaja kuwaona watoto. Kaleta halua, mnafiki. Kawasifu mmoja mmoja. Kisha akageuka kwa majirani, ukumbi umejaa, akauliza kwa upole, je, huyu naye si mzazi? Nikasema ni mzazi. Akauliza, mzazi hutoka lini? Watu wote wakanitazama. Miaka thelathini nawafungia wake zao ndani. Nimewatoa wanawake njia ya kisimani kwa fimbo. Mke wa imamu nilimrudisha toka mlangoni. Nikasema, arobaini.

Mwanarusi akasema alhamdulillahi, basi Bi Askari atatoka katikati ya Januari. Na akitoka siku moja kabla, Mwanaima wangu naye atoke.

Hawakucheka kwa sauti. Walitetemeka mabega tu. Matano ndiye aliyecheka kwa sauti. Chakula cha usiku hakukiona.

Jumatatu, 9 Desemba.

Sijalala vizuri siku mbili. Kiti ni changu. Neno ni langu. Siwezi kuwa na vyote, na sitaki kukosa hata kimoja.

Nilijaribu kumshawishi mwalimu aihamishe Meza ya Maajabu jikoni kwangu, na Bwana Mkubwa aje huku. Asema jukwaa limeshajengwa. Nikauliza ni zito kiasi gani. Akaaga.

Mwanaima hanisemezi ila kwa adabu, shikamoo mama, ndiyo mama. Adabu hiyo inachoma. Leo asubuhi nilimkuta kambeba mtoto dirishani, anamwimbia wimbo wa Uhuru wanaofundishwa watoto wa shule. Alipofika penye bendera akanyamaza. Nikajifanya natafuta upawa.

Jumatano, 11 Desemba.

Nimepata! Akili hii ingefaa kupewa wizara.

Mama hatoki mpaka arobaini. Lakini mtoto hutolewa nje siku ya saba! Ndiyo ada, imamu mwenyewe hapingi. Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa kunde. Kesho ni siku ya saba. Nitawapeleka watoto watatu, mama atabaki gogoni. Kiti changu, neno langu, na Mwanarusi ale halua yake.

Nimebandua gome lote lililolegea juu ya gogo, nimelitandika kikapuni liwe kitanda chao. Bi Askari sikumwona. Kajificha ndani kabisa ya ufa, mzazi mwenye haya. Nimemwachia kumbikumbi.

Mwanaima nimemuaga vizuri. Nilimwambia nitamsimulia kila kitu. Akasema ndiyo, mama.

Alhamisi, 12 Desemba. UHURU.

Naandika nimesimama. Sababu itajulikana.

Tulikwenda Msambweni kwa lori la miwa, kijiji kizima, ngoma juu, vigelegele njia nzima. Mwanarusi alikaa nyuma kabisa na mwanamke aliyejifunika leso mpaka machoni. Alisema ni shangazi yake mgonjwa. Sikuuliza. Nilikuwa na kikapu.

Kufika, nikaenda moja kwa moja jukwaani. Kiti kizuri, cha vibao, mwanya baina ya kibao na kibao. Mwanarusi naye alikuwa akikikaribia, muhogo wake uliotafunwa ukimfuata mabegani mwa watu. Nikaweka kikapu juu ya kiti. Kitu chako kikiwa juu ya kiti, kiti ni chako, hata hotelini Diani wanajua. Nikakiacha hapo juani, nikaenda kumleta mwalimu.

Mwalimu kawaweka watoto juu ya meza ndani ya bakuli. Watu walisukumana! Bwana Mkubwa akavaa miwani, akavua, akavaa. Wamezaliwa wazima bila yai, nikamwambia, na mkunga wao ni mimi. Mwalimu akatangaza. Kikoneni, kiti ni cha Bi Mwanapili! Mimi huyo! Nikakiondoa kikapu, nikakunja leso, nikaketi.

Ya Allah.

Nilijua papo hapo. Miba ile naijua, imenichoma vidole wiki nzima. Hakubaki gogoni. Alikuwa amejibandika chini ya gome, bapa kama karatasi, na mimi mwenyewe nimemtandika kikapuni. Jua lilipowaka akatoka akajitia kwenye mwanya wa kiti, akavimba, mkia juu.

Nikataka kuruka. Nikamwona Mwanarusi kasimama nyuma ya kiti, hatua moja, mkono uko tayari. Nikakaa.

Hotuba zilikuwa tatu. Kila niliposogea, Bi Askari alivimba zaidi. Machozi yakanitoka, siyazuii. Kwenye hotuba ya pili yakawa mto. Bwana Mkubwa akaniona, akasimamisha maneno, akanipa leso yake ya mfukoni, akawaambia watu wote wamtazame mama huyu wa Kikoneni, namna anavyoulilia uhuru wa nchi yake. Uwanja ukalipuka vigelegele. Wanaume wakafuta macho. Nikatikisa kichwa kwa unyenyekevu. Ningefanya nini?

Kisha bendera. Wote wakasimama. Nami nikasimama, na Bi Askari akasimama pamoja nami, miba imeshika leso yangu kwa nyuma, ananing'inia kama hirizi.

Nikamsikia Mwanarusi nyuma yangu. Mzazi katoka! Siku ya saba! Mzazi katoka!

Na shangazi yake mgonjwa, huko mbele ya umati, akaangua kicheko ninachokijua. Leso ikamteleza. Mwanaima, na mjukuu wangu mikononi, macho ya mtoto yako juu kwenye ile nyeusi, nyekundu na kijani inayopanda. Watu wa Kikoneni wote wakanigeukia wasikie nitasema nini.

Nikamtazama mtoto. Nikatazama bendera. Nikasema kwa sauti ya mkunga kwamba arobaini za mwaka huu zina siku thelathini na moja, kwa sababu ya Uhuru, na asiyejua aniulize mimi.

Wakacheka, wakapiga ngoma. Mwanarusi alinibandua mjusi mgongoni kwa vidole viwili, taratibu, akanishika kiuno, tukacheza. Ana miguu mizito, lakini siku ya leo nilimsamehe. Mjukuu nilimbeba mimi. Hakulia hata kidogo. Bwana Mkubwa kacheza vibaya sana.

Jumamosi, 14 Desemba.

Nimeweza kuketi, kwa upande.

Bi Askari na watoto nimewarudisha kwenye mkorosho wao. Waliingia ufani bila kunishukuru. Watoto wa siku hizi.

Mwalimu Abdurahman kapita. Asema mwezi wa Februari itafunguliwa zahanati mpya, na atatakiwa mama mzee mmoja wa kukata utepe, mwenye ajabu kubwa kama safari ile. Mmoja! Mwanarusi ashasema, kwa kuwa mimi nilipata kiti, mkasi ni zamu yake. Haki kabisa, nikamwambia. Nikampa na mkono.

Jioni nimekwenda kuzungumza na wakata miti wa upande wa msituni. Wamemwona chatu, urefu wake nyumba na uwanja. Kikapu kikubwa ninacho. Nimewauliza jambo moja tu, na wameniapia: chatu hutaga mayai. Basi hana arobaini. Safari hii sikuacha mwanya.