Ombi la Kukatwa kwa Waya Kabla ya Jumamosi

Sebuleni, Gisenyi
Juni 1999

Kwa Shemeji Benon,
Mkuu wa Kompyuta Zote Mbili za Nyumba Hii,
Chumba cha Uani.

Shemeji mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima kama nilivyokuacha asubuhi tulipokunywa chai. Nakuandikia rasmi kwa sababu jambo hili halizungumziki tena kwenye chai.

Uliponishauri tuunganishe kompyuta yangu na yako, nikakuruhusu utoboe ukuta wa jiko la dada yako Connie, mke wangu, uliniahidi kwamba waya ule utaleta umoja. Folda moja tutaiona wote, printa moja itatutosha wote. Nilifurahi kama mtoto. Sikujua kwamba Manzi, mwenzako wa kazi pale hotelini, angemchumbia Umutoni, binti wa marehemu kaka yangu, wala kwamba siku ya gusaba mimi ningesemea upande wa binti na wewe upande wa bwana harusi. Gusaba, kama ujuavyo, ni ubishi. Ninyi mnaomba, sisi tunakataa, tunawazungusha hadi jasho liwatoke, ndipo tunamtoa binti.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hotuba yako uliiweka kwenye folda ya wote. Niliifungua nikitafuta yangu, na macho hayana pazia. Nikaandaa jibu la kila swali lako. Kosa hapo ni la folda.

2. Majibu hayo niliyaweka kwenye folda hiyohiyo, kwa kuwa ndiyo pekee ninayojua kuipata. Nawe ukayasoma. Shemeji, hili limeniumiza, maana mtu wa heshima hasomi maandishi ya mwenzake. Ukaandika majibu ya majibu yangu. Nilipoyasoma hayo nikayajibu pia, hadi tukawa hatujabakiza neno la kuambiana mbele ya watu.

3. Kwa nini printa iko kwako? Nilichapa orodha ya wasichana nitakaowatoa badala ya Umutoni ili kuwababaisha wageni, ikatokea chumbani kwako. Wanasema usimwage mchele penye kuku wengi. Mimi niliumwaga penye kuku mmoja tu, ila kuku mwenyewe ni wewe. Siku yenyewe kila msichana niliyemtoa ulimsalimia kwa jina, na Cyuzuzo ukamuuliza kama mama yake amepona malaria. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilicheka kidogo, lakini kwa hasira.

4. Nilipoanza kusema kwamba binti yetu yuko masomoni Butare, ulinijibu kabla sijafika Butare. Nami kwa uchungu nikajibu swali ambalo hukuwa umeliuliza. Gusaba iliyopaswa kumaliza mchana mzima iliisha kabla urwagwa wa ndizi haujamiminwa. Ndugu zetu wa Goma walipovuka mpaka pale Petite Barrière walitukuta tunakunja viti, wakaanza kutupa pole ya msiba.

5. Hili la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Shangazi Verediane ameikataa gusaba yetu. Alisema mbele ya ukoo: "Mutoto yetu mulimupeana bila kubishana, sawa vile kilo ya sukari ku butike. Mi siikubali." Bila baraka ya shangazi hakuna harusi. Umutoni hali chakula, analia tu, na mimi niliyemlea ndiye niliyemtia aibu. Tumeruhusiwa kurudia Jumamosi. Tukiharibu tena, Manzi akachumbie kwingine.

Kwa hiyo naomba waya ukatwe. Kama hilo haliwezekani, tundu la jikoni liwekewe ofisa wa forodha. Hata mama anayevusha nyanya kwenda Goma huonyesha karatasi yake; iweje hotuba nzima ivuke jiko la Connie bila mtu kuiuliza inakwenda wapi? Folda yangu ipewe neno la siri, na neno hilo nisiambiwe hata mimi, maana najijua, nitaliweka kwenye folda. Printa ihamishiwe kwa padri, ambaye kazi yake imemzoeza kutunza siri.

Nisalimie Connie ukipita jikoni, nisalimie watoto, na Manzi umwambie avumilie.

Ni mimi shemeji yako, mwenye uchungu na mwenye nyumba,
Harerimana Juvénal

Nyongeza: Waya usiukate kwanza. Hotuba yako mpya ya Jumamosi nimeisoma leo. Ni nzuri, ila ukurasa wa pili unanyenyekea mapema mno. Nimekuongezea ukaidi, nami nimejiandikia matusi ya heshima ya kukujibu. Mahali ambapo Shangazi atatabasamu nimepawekea alama, tusije tukamkatiza. Ongeza na yako, kisha uchape nakala tatu. Ya tatu mpe Umutoni, ajue kwamba safari hii tutamgombania hadi jua lizame.